Jinsi wakili kijana wa Nairobi anavyolinda ajira yake kabla ya kupigwa kalamu

Barua ya ajira kutoka kampuni kubwa ya mawakili ina kurasa chache tu, lakini mawakili wengi vijana huisoma mstari mmoja, ule wa mshahara. Mtu ambaye asubuhi alikuwa akimchambulia mteja mkataba wa kukodi ofisi Upper Hill, kifungu baada ya kifungu, jioni hutia sahihi mkataba wake mwenyewe akiwa amesimama mapokezi. Mganga hajigangi, na katika taaluma hii jambo hilo limewagharimu wengi. Mwongozo huu unaanzia siku unayopokea barua hiyo hadi siku unayorudisha funguo, ili hata ukimwaga unga usitoke mikono mitupu.

Kwa nini viti havikaliwi muda mrefu

Kampuni kubwa imejengwa kama piramidi. Chini wapo wanagenzi na mawakili wa mwaka wa 1 hadi wa 3, juu wapo washirika wachache wanaogawana faida. Nafasi za juu haziongezeki kwa kasi ya watu wanaoingia chini, kwa hiyo kuondoka kwa walio wengi kumo katika hesabu za kampuni tangu mwanzo. Wapo wanaoondoka kwa hiari yao kwenda benki, kampuni za bima, mashirika, afisi ya Mwanasheria Mkuu, afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au ofisi yao wenyewe.

Wanaoondolewa huondolewa kwa njia tatu. Kazi ya idara yao imekauka, hasa idara za ununuzi wa kampuni na mikopo ya benki, ambazo hunyauka uchumi unapobana kabla ya idara ya kesi kuguswa. Au mshirika waliyemtegemea ameondoka na wateja wake, wao wakabaki mayatima. Au wamekosea, ama rekodi yao inaonyesha hawaleti pesa. Kila njia ina kinga yake, na kinga karibu zote ni za karatasi.

Barua ya ajira

Tazama kwanza unaitwa nani. Ukikuta umeandikwa "mshauri" badala ya mwajiriwa, simama hapo. Maana yake ni kwamba utakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio badala ya PAYE, hutawekewa NSSF, na siku ya kuachana utaambiwa huna likizo, huna notisi wala haki ya kusikilizwa. Mahakama hutazama uhalisia na haifungwi na jina: nani anakupangia saa, kompyuta ni ya nani, je, unaruhusiwa kuchukua wateja wako mwenyewe? Lakini kushinda hoja hiyo ni safari ndefu, na kuomba neno libadilishwe kabla ya sahihi ni barua pepe moja. Ukikubali kwa sababu huna budi, tunza barua pepe za kupangiwa kazi na fomu za kuombea likizo. Ndizo zitakazokutetea.

Kisha kipindi cha majaribio. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu miezi isiyozidi 6, na inaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi 6 ikiwa tu wewe umekubali. Kampuni nyingi huacha miezi 6 ipite kimya, halafu mwezi wa 8 zikasema "bado uko kwenye majaribio." Siku ya mwisho ya mwezi wa 6 ikipita bila barua, andika wewe: "Kipindi changu cha majaribio kimekamilika leo. Naomba barua ya kuthibitishwa kazini." Katika majaribio notisi ni siku 7 tu, ndiyo maana kampuni hupenda kuyarefusha. Ila usidhani kwamba mtu aliye kwenye majaribio hana haki ya kusikilizwa. Mwaka 2021, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Mount Kenya, majaji watatu wa Mahakama ya Ajira walisema sehemu iliyowanyima wafanyakazi hao haki hiyo inakiuka Katiba.

Notisi nayo. Kwa anayelipwa kila mwezi, sheria inataka siku 28 kwa maandishi, lakini mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi. Angalia kama muda uko sawa pande zote mbili. Mkataba unaokudai wewe miezi 3 huku kampuni ikijipa mwezi 1 utakukosesha kazi mpya, kwa sababu waajiri wengi hawawezi kungoja robo ya mwaka, na kununua notisi hiyo ni mishahara mitatu kutoka mfukoni mwako.

Uliza pia ni nani analipia cheti cha kuhudumu, yaani kibali chako cha kila mwaka cha kufanya uwakili. Cheti hicho huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na kukipata upya kunahitaji pointi 5 za mafunzo endelevu. Kampuni nyingi hulipia, kisha huweka kifungu kwamba ukiondoka utarudisha ada yote. Omba kigawanywe kwa miezi: ukiondoka mwisho wa Septemba, urudishe 3/12 tu. Ombi hili si kubwa na washirika huwa hawaligombanii. Pointi zako zifuatilie mwenyewe. Ukiwa huna cheti cha mwaka, huruhusiwi kusimama mahakamani wala kuandaa hati, na kampuni itakuwa na mtu inayemlipa ambaye hawezi kufanya kazi.

Kama kuna kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwingine, kisome kwa makini lakini usitishike. Sheria ya Mikataba ya Kuzuia Biashara, Sura ya 24, inaipa mahakama uwezo wa kubatilisha zuio lisilo la haki. Miezi 6 ya kutowafuata wateja uliowahudumia wewe inaeleweka. Miaka 2 ya kutofanya uwakili Nairobi nzima haieleweki.

Ahadi za mdomo zimewaumiza watu kuliko vifungu vibaya. Ukiambiwa kwenye mahojiano kwamba mshahara utapanda baada ya mwaka, au kuna bonasi ya Desemba, rudi nyumbani uandike: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba mshahara utaangaliwa upya baada ya miezi 12. Tafadhali nirekebishe kama nimekosea." Wasipojibu, unayo rekodi ya siku hiyo hiyo. Sheria ya Ajira iko upande wako hapa: masharti ya msingi ya kazi lazima yawe kwa maandishi, mabadiliko yafanywe kwa kushauriana nawe, na mwajiri akishindwa kuleta mkataba mahakamani, ni juu yake kukanusha sharti unalodai.

Faili lako, mbali na ofisi

Siku ya kuachishwa kazi, barua pepe ya ofisi hufungwa kabla hujafika kwenye lifti. Kwa hiyo kila mwezi weka nyumbani nakala za barua ya ajira, barua za nyongeza, karatasi za mshahara, fomu ya P9 ya kila mwaka (muhtasari wa mshahara na kodi uliyokatwa), tathmini za kazi, fomu za likizo zilizoidhinishwa, na ujumbe unaokusifu au kukukosoa. Mara moja kwa robo mwaka ingia kwenye tovuti ya NSSF uone kama michango inafika. Michango inayokatwa bila kupelekwa ni aibu kwa kampuni ya sheria, na pia ni dalili ya mapema kwamba fedha zimekaza.

Mpaka wake ni huu: nyaraka za ajira ni zako, nyaraka za mteja si zako. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda siri ya mteja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaongeza uzito. Wakili anayejitumia rasimu kwenye barua pepe binafsi "ili nimalizie nyumbani" anaipa kampuni sababu nzuri ya kumfuta papo hapo, hata kama ilikuwa inatafuta nyingine. Ujumbe wa sifa ukiwa na jina la mteja na kiini cha kesi, futa maelezo hayo, ubaki na sifa na tarehe. Sheria hiyo hiyo ya 2019 inakupa haki ya kuomba data yako binafsi iliyo mikononi mwa mwajiri, ikiwemo faili lako la utumishi. Haki hiyo haifi ukiondoka.

Rekodi ya saa

Kampuni kubwa hupima mawakili wake kwa vipande vya dakika 6, yaani 0.1 ya saa. Kuna namba tatu na wakili kijana huijua ya kwanza tu: saa alizoandika, saa ambazo mteja alitozwa, na pesa ambazo mteja amelipa. Kinachoamua kama utabaki ni ya tatu. Kanuni ya zamani ya ofisi za sheria ni kwamba wakili alete mara tatu ya mshahara wake: theluthi moja mshahara, theluthi kodi ya ofisi na gharama, theluthi faida. Ukilipwa shilingi 120,000, unatazamiwa kuleta kama 360,000 kwa mwezi. Muulize mhasibu namba zako kila mwezi. Usingoje tathmini ya mwaka ndipo uambiwe uko chini.

Saa nyingi hufia kwenye maelezo mabaya. Chukua ingizo kama hili: "Kupitia faili na simu, 3.0." Mshirika anayeandaa ankara analiona, anajua mteja atalalamika, anakata hadi 1.5. Kwenye mfumo, saa ile na nusu iliyokatwa inabaki chini ya jina lako. Kazi ile ile ingeandikwa hivi:

0.9, kusoma hati ya kiapo ya mjibu, aya ya 1 hadi 34, na kubainisha madai 5 yasiyo na ushahidi. 0.4, simu na meneja wa fedha wa mteja kuhusu risiti za Machi. 1.7, kuandaa rasimu ya hati ya kiapo ya kujibu, kurasa 6.

Jumla ni 3.0 vilevile, ila hakuna pa kukata. Andika kabla ya kutoka ofisini. Mtu anayejaza wiki nzima siku ya Ijumaa husahau simu za dakika 12, na hizo zikijumlishwa kwa mwezi si haba.

Walio kwenye idara ya ardhi hali yao ni tofauti, kwa sababu kazi yao hutozwa kwa viwango vya Amri ya Malipo ya Mawakili badala ya saa. Wao hupimwa kwa faili zilizofungwa. Weka orodha ya faili zako, hatua iliyofikiwa, na kinachosubiriwa ni nini na kwa nani. Faili ikikwama miezi 4 Ardhi House, orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba hukuilalia.

Makosa yanayofukuzisha, na la kufanya likitokea

Sababu kubwa ni tarehe. Ziwe kichwani na kwenye kalenda mbili, yako na ya karani: siku 14 za kuwasilisha utetezi baada ya kujitokeza mahakamani, siku 14 za notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa, kisha siku 60 za rekodi ya rufaa tangu notisi iwasilishwe, siku 30 za rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, siku 30 za kulipia ushuru wa stempu baada ya hati kutiwa sahihi. Kuanzia tarehe 21 Desemba hadi 13 Januari siku hazihesabiwi chini ya Kanuni za Mashauri ya Madai, lakini usiichukulie ahueni hiyo kama ya kila sheria. Ukomo uliowekwa na sheria nyingine unaendelea kuhesabika wewe ukiwa kijijini ukila Krismasi.

Ukipitwa na tarehe, mwambie mshirika siku hiyo hiyo. Si suala la uungwana tu. Bima ya kampuni dhidi ya madai ya uzembe hutaka itaarifiwe mapema, na ukimya wako wa wiki tatu unaweza kuifanya bima ikatae kulipa. Hapo kosa la siku moja linageuka hasara ya washirika wote. Nenda kwake ukiwa na karatasi moja: tarehe iliyopita, sababu, na dawa. Kama ni notisi ya rufaa, dawa ni ombi la kuongezewa muda chini ya kanuni ya 4 ya Kanuni za Mahakama ya Rufaa za 2022, na hapo siku hutazamwa moja moja: umechelewa kiasi gani, na una sababu gani kwa kila siku. Wakili anayeingia na rasimu ya ombi hilo mkononi ana nafasi kubwa ya kubaki. Yule anayeficha, akagunduliwa na mteja, hana.

La pili ni pesa. Usipokee pesa za mteja kwenye M-Pesa yako hata mara moja, hata ziwe 1,500 za kuwasilisha hati na mteja akiwa anakusihi kwamba ana haraka. Pesa za mteja zina akaunti yake kwa mujibu wa kanuni za hesabu za mawakili. Mteja akituma bila kukuuliza, mwandikie mhasibu dakika hiyo hiyo, zipeleke akaunti ya mteja, tunza ujumbe wa muamala. Tunalisisitiza hili kwa sababu limewaharibia jina vijana waliokuwa hawana nia mbaya kabisa.

Na hati asili. Hatimiliki ikitoka kabatini, iandikwe kwenye daftari: nani, lini, kwa nini. Hatimiliki iliyopotea ikitafutwa miezi minane baadaye, lawama humwendea aliyekwisha kuondoka.

Dalili

Faili zako zinaanza kupelekwa kwa mwenzako bila maelezo. Hunakiliwi tena kwenye barua pepe za mteja uliyemhudumia mwaka mzima. Benki iliyokuwa mteja mkubwa imebadilisha orodha yake ya mawakili. Mshahara unaingia tarehe 5 badala ya 28. Mshirika wako anakutana na watu nje ya ofisi mara kwa mara, na mlango wake umefungwa. Hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo usikubali kumfanyia kazi mshirika mmoja tu. Tafuta wa pili kutoka idara nyingine, umsaidie faili mbili tatu kwa mwaka, ili yule wa kwanza akiondoka awepo mtu mezani atakayesema jina lako.

Weka akiba ya miezi 3 ya kodi, chakula na nauli kabla ya kuhamia nyumba ya bei. Mshahara wa majaribio haufai kutiwa kwenye mkataba wa mwaka wa nyumba ya Kileleshwa.

Barua ya kujieleza ikifika

Huja mara nyingi Ijumaa mchana, ikikupa saa 48. Fanya haya kwa mpangilio huu.

Ipokee, tia sahihi ya kupokea tu, andika tarehe na saa. Ukishinikizwa uandike barua ya kujiuzulu pale pale "ili tusiharibu rekodi yako", sema kwa adabu kwamba utajibu kesho kwa maandishi. Barua ya kujiuzulu iliyoandikwa mbele ya meza ya mwajiri inaweza kupingwa baadaye kama imetokana na shinikizo, lakini mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako.

Jioni hiyo gawanya barua katika madai, moja moja. Kwa kila dai andika: nini kimedaiwa, nyaraka gani ninazihitaji, ukweli ni upi, nani aliona. Kama madai hayana tarehe wala jina la faili, jibu lako la kwanza liwe kuomba maelezo hayo na kuongezewa siku. Usijibu dai lisiloeleweka kwa kubahatisha. Wengi hujitia hatiani kwa kueleza jambo ambalo halikuulizwa.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinaitaka kampuni ikueleze sababu kwa lugha unayoielewa na ikusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako wa kuchagua wewe. Mchague mtu mtulivu mwenye mwandiko mzuri, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuandika yanayosemwa. Rafiki mwenye hasira atakuharibia. Kikao kikiisha, kaeni pamoja kabla ya kutoka jengoni, mlinganishe maandishi, mtie tarehe. Omba kumbukumbu rasmi kwa barua pepe usiku huo.

Tuhuma zikiwa za utendaji duni, swali ni hili: vipimo vilikuwa vipi, ulielezwa lini kwamba unashindwa, ulisaidiwaje? Tangu kesi ya Ol Tukai Lodge ya 2010 mahakama imekuwa ikimtaka mwajiri aonyeshe kwamba alikuwa na njia ya kupima na alichukua hatua kabla ya kuachisha. Ukipewa mpango wa kuboresha kazi wa miezi 3, usiutie sahihi hadi uwe na namba ndani yake, jina la atakayekusimamia, na tarehe ya kuangaliwa katikati.

Ukipunguzwa kwa sababu kazi imepungua

Hapa huna kosa, na sheria inaitaka kampuni ifuate kifungu cha 40. Lazima uarifiwe binafsi kwa maandishi, na afisa wa kazi aarifiwe, angalau mwezi 1 kabla, pamoja na sababu na ukubwa wa zoezi. Mahakama ya Rufaa imeeleza kwamba hiyo ni notisi ya nia, na ya kukuachisha ni nyingine. Katika kuchagua nani aondoke, kampuni izingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Omba uonyeshwe vigezo hivyo na alama zako. Ukijua kwamba mwezi uliofuata kiti chako kimetangazwa kwa jina lingine, hifadhi tangazo hilo.

Piga hesabu mwenyewe kabla ya kuletewa. Tuseme unalipwa shilingi 120,000, umetimiza miaka 4, na una siku 12 za likizo. Malipo ya kupunguzwa ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia: nusu ya mshahara mara 4, yaani 240,000. Notisi ya mwezi 1 kama hukuifanyia kazi, 120,000. Likizo, ukigawa mshahara kwa siku 30, ni 4,000 mara 12, yaani 48,000. Jumla 408,000 kabla ya kodi, pamoja na mshahara wa siku ulizofanya kazi. Kampuni ikigawa kwa siku za kazi badala ya 30, likizo itapanda, kwa hiyo uliza wametumia kigawanyo kipi. Miezi ya mwaka usiotimia nayo ina likizo yake, siku 1¾ kwa kila mwezi. Usichanganye na malipo ya utumishi ya kifungu cha 35. Hayo hayalipwi kwa aliyekuwa akichangiwa NSSF, na wengi hupoteza muda wakiyadai.

Utaletewa hati ya kukubali kwamba hudai tena chochote. Isome nyumbani. Katika kesi ya Coastal Bottlers ya 2018, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba hati kama hiyo, ikitiwa sahihi kwa hiari na kwa kuelewa, inafunga mlango. Kama kuna pesa unazobishania, zitaje juu ya sahihi yako, au usitie.

Ukitaka kwenda kudai, anza na barua ya madai ya siku 14, kwa lugha ya staha. Jumuiya ya mawakili wa Nairobi ni ndogo, na mambo mengi humalizika hapo. Malalamiko kwa afisa wa kazi yapelekwe ndani ya miezi 3. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3, na mazungumzo ya suluhu hayasimamishi saa hiyo. Tangu tangazo la gazeti rasmi la serikali la 2018, anayelipwa jumla isiyozidi 80,000 kwa mwezi huenda kwa hakimu, na aliye juu ya hapo huenda Mahakama ya Ajira, Milimani. Fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, na mahakama huangalia kama ulijitahidi kutafuta kazi nyingine. Tunza barua za maombi ya kazi. Usitumie malalamiko ya nidhamu kwa Chama cha Mawakili kama fimbo ya kudai mshahara. Njia hiyo ni ya makosa ya kitaaluma, na kuitumia kutishia kutakurudia.

Ukiondoka mwenyewe

Peana barua ya kujiuzulu ukiwa na barua ya kazi mpya mkononi, iliyotiwa sahihi. Kujiuzulu hakuhitaji kukubaliwa. Kunahitaji notisi. Usitaje malalamiko ndani yake kama huna nia ya kuyafuata mahakamani. Lakini kama unaondoka kwa sababu umesukumwa, kwa mfano mshahara umepunguzwa bila kukuuliza, sema hivyo wazi kwenye barua, kwa kuwa ukilisema baadaye tu hutaaminika kirahisi.

Makabidhiano ndiyo yatakayokumbukwa. Kila faili iwe na ukurasa mmoja: namba ya kesi na mahakama, tarehe ijayo na ni ya nini, kilichofanywa mwisho, hatua inayofuata na siku yake ya mwisho, pesa za mteja zilizobaki, hati asili ziko kabati gani, simu ya mtu wa kuongea naye kwa mteja. Hati asili zihesabiwe mbele ya karani na atie sahihi kuzipokea, nakala moja ubaki nayo. Kama kesi kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama zimefungwa kwenye akaunti yako, hakikisha zimehamishiwa kwa mwingine kabla hujafungiwa, la sivyo notisi za mahakama zitaendelea kukujia wewe huku kampuni ikikosa kufika. Wateja uwaage kwa maneno mliyokubaliana na mshirika, bila kuwaambia unakokwenda kama hajaridhia.

Kabla ya kutoka, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinakupa haki hiyo hata kama mmeachana vibaya. Kitataja mwajiri, tarehe za kuanza na kumaliza, kazi na mahali. Barua ya sifa si haki yako kisheria, kwa hiyo iombe mapema kwa mshirika anayekujua, wiki ya kwanza ya notisi, kabla hajasahau au kuondoka. Chukua P9 ya sehemu ya mwaka uliyofanya kazi, ijulishe HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama bado unalipa mkopo, na ubadilishe mahali pako pa kazi kwenye rekodi za Chama cha Mawakili ndani ya wiki hiyo, ili jina lako lisiendelee kuonekana chini ya kampuni usiyoifanyia kazi.